Chumvi Ambayo Daktari Hakuitaja

Mimi si mtu wa kuchekwa, lakini hii nitaisema mwenyewe kabla Wambui, mke wa mwanangu, hajaisema sokoni Othaya.

Daktari aliniambia mshipa unaopeleka damu kwenye figo yangu umekuwa mwembamba, ndiyo sababu presha haishuki. Akanipa dawa, akanikataza chumvi. Presha ikikataa, napelekwa Nairobi kupasuliwa.

Wambui akaanza kunipikia githeri, mahindi na maharagwe, bila chumvi, ukila ni kama unatafuna changarawe. Nikavumilia mpaka nilipomwona ng'ombe wangu akilamba jiwe lake jekundu la chumvi. Nikawaza, daktari alikataza chumvi ya watu. Hii ya ng'ombe hakuitaja. Nikavunja kipande, nikakifunga kwenye kitambaa changu cha mkono, na kila nikimaliza kula nakilamba.

Jana Wambui alinirudisha kwa daktari, na presha ilikuwa imepanda zaidi. Daktari, ambaye huniita cucu, yaani nyanya, akamgeukia Wambui.

"Mama, unamwekea cucu chumvi?"

"Hata kidogo, daktari."

"Muulize vizuri," nikasema kwa ukali. "Hawa wa siku hizi ukiwaambia kitu hawasikii."

Wambui akaanza kulia. Hapo nikamhurumia, nikachomoa kitambaa nimpe apanguse macho. Kipande kikaanguka mezani, mbele ya daktari.

"Cucu, hii ni nini?"

"Ni ya ng'ombe."

Daktari akainama, akachungulia chini ya meza bila haraka.

"Na huyo ng'ombe, mmekuja naye?"