Siku Mwenyekiti Alipomsongea Mnunuzi Ugali

Watu wakiniuliza kuhusu hili kovu la gotini huwa nasema niliungua nikiokoa mtoto, lakini leo tuko sisi kwa sisi, acha niseme ukweli ingawa uso unaniwaka: niliunguzwa na jiko nililolibuni mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya umati, nikiwa nimefunga tai.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mwenyekiti wa kampuni yetu ya majiko ya mkaa pale Kawangware, Nairobi (kampuni ndogo, ndiyo, lakini ilikuwa na muhuri, na muhuri huo nilikwenda nao mfukoni hata kanisani). Wakurugenzi tulikuwa watano, wanaume wanne na Mama Nekesa, mwenye kibanda cha chakula, ambaye hisa zake zilizidi za wengi wetu. Biashara ilikuwa imelala, majiko yanashika kutu uani, mafundi wameanza kutafuta vibarua kwingine. Tumaini letu lilikuwa mzee mmoja mwenye maduka ya jumla mjini, aliyeahidi kuja kuliona jiko letu jipya la miguu mirefu, nililolibuni ili mpishi asiiname. Akilipenda tumepona, akilikataa tunafunga.

Kwenye mkutano wa bodi Mama Nekesa alilisukuma jiko kwa kidole, likayumba.

"Chairman, hii jiko iko na miguu refu sana. Mtu akisonga ugali, itaanguka."

"Mama, hayo ni maneno ya jikoni," nikamjibu. "Hapa tunaongea maneno ya kampuni."

Wenzangu wakacheka, nikamwambia katibu asiandike, tukaendelea. (Kampuni ya majiko, jamani! Maneno ya jikoni tulitaka yapelekwe wapi?)

Siku ya mnunuzi ilipofika nikamtuma Mama Nekesa akaazime viti kanisani, kusudi asipate nafasi ya kutia neno. Mpango wangu ulikuwa chai tu. Jiko likachemsha chai vizuri, majirani waliojaa pale wakapiga makofi, nami badala ya kumshukuru Mungu na kunyamaza, nikapaza sauti, "Mzee, jiko hili linapika kitu chochote!"

"Basi nisongee ugali," akasema mzee. "Hiyo ndiyo wateja wangu wanapika."

Ningeweza kukubali kushindwa hapo hapo, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti, nikavua koti, nikamimina unga, nikashika mwiko kwa mikono miwili, na niliposonga mara ya tatu jiko likaanza kutembea, nikalizuia kwa goti, goti likaungua, nikaruka, nalo likaanguka na sufuria yake, ugali mbichi ukatua kwenye viatu vya mzee, mimi nikakaa kitako ndani ya karai la maji. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee akapangusa viatu, akachukua kofia yake aende.

Hapo Mama Nekesa akafika na viti viwili kichwani. Akavitua, akatutazama.

"Mzee, ngoja kidogo tu," akasema, akachukua jiko lingine kama lile na kumwonyesha fundi. "Kata miguu hapa."

Fundi akakata kwa msumeno wa chuma. Mama Nekesa akawasha mkaa, akaketi kwenye kigoda, akasonga ugali mgumu, ule wa kwetu Magharibi, na jiko halikutikisika. Mzee akamega, akatafuna, akaagiza majiko mengi kuliko tuliyowahi kutengeneza tangu tuanze. Kisha akanigeukia, suruali yangu bado inachuruzika maji.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni mkurugenzi wetu."

"Mkurugenzi? Sasa mbona anabeba viti?"

Nikavichukua vile viti viwili, nikavipanga mwenyewe.

Kampuni ilipona. Mama Nekesa akawa mwenyekiti kwa kura zote, yangu ikiwemo, akamleta na mama mmoja muuza mkaa kwenye bodi, na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tumehamia uwanja mkubwa zaidi. Mimi nimeapa kwamba mtu akitoa neno mkutanoni sitaangalia amevaa suruali au leso, nitauliza kazi hiyo ameifanya mara ngapi.

Lakini kilichoniuma kuliko goti ni jioni ile, mke wangu akinipaka mafuta. Alikuwa amenisongea ugali miaka kumi na mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Na mimi nilikuwa hapa hapa nyumbani," akasema. "Hukuniuliza."