Shati la Inchi Hamsini na Mbili

Anayetaka kubisha asubiri mwisho. Fundi mmoja wa cherehani, mama wa watoto wawili, alijiandikisha kusomea utengenezaji wa programu za kompyuta. Darasani wakampachika jina Tepu, maana tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya mtihani.

Wiki ya kwanza alidhani kompyuta ina akili. Ya pili akagundua ni bishi kuliko mteja anayedai amekonda. Ukisahau kialama kimoja, inasusa. Ukiiandikia upuuzi uliokamilika, inautekeleza bila kuguna.

Mwalimu akatangaza: Ijumaa kila mtu alete programu inayofanya kazi, asiyeweza anarudia kozi nzima. Tepu akaandika ya mashati: unaingiza vipimo vya mtu, inakupa vya kukatia kitambaa. Akaijaribu kwa kifua cha mwalimu, inchi arobaini. Ikajibu hamsini na mbili.

"Hilo shati au hema?" jirani yake wa dawati akacheka. "Humo anaingia mwalimu na wakwe zake!"

"Cheka tu, zamu yako inakuja."

Siku tatu alikodolea mistari ile mpaka macho yakawa vifungo. Akazima, akawasha: hamsini na mbili. Aliitukana mashine hadi feni yake ikaacha kuzunguka kwa aibu.

Alhamisi mchana akaibwaga kwenye meza ya kukatia, mbele ya mama yake, fundi mwenzake.

"Mama, naacha! Hili dude halijui hesabu."

"Nisomee ulivyoliagiza."

"Kwani wewe unajua kompyuta?"

"Najua kusikiliza. Soma."

Akasoma huku amevimba. Sehemu ya kupokea vipimo: ongeza inchi nne za nafasi, shati lisibane. Ya kukadiria kitambaa: ongeza nne. Ya kutoa jibu: ongeza nne.

Mama akaweka mkasi chini. "Mwanangu, shati moja tunaliongezea nafasi mara ngapi?"

"Si mara moja tu, wakati wa…" Tepu akajishika kichwa. Miaka kumi ya ushonaji, kila akiona kipimo, mkono wake huongeza wenyewe bila kumuuliza.

Akafuta nyongeza mbili. Ijumaa mwalimu akaingiza kifua chake. Arobaini na nne.

"Umepita," akasema. "Sasa iongezee na suruali."

Tepu akaivua tepu shingoni, akamkabidhi. "Jipime mwenyewe, mwalimu. Mkono wangu siuamini tena."