Simu ya Kaka

Baba alikuwa fundi wa nyaya za simu kandokando ya reli, Korogwe. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba neno simu lilitoka Uajemi, na kwamba huko maana yake ni waya. Alilisikia kwa msimamizi wake na hakuacha kulisimulia. "Mmoja yuko huku, mwenzake yuko kule," alikuwa akisema, "lakini wote wameshika waya mmoja."

Mimi sikutulia popote. Nimelima ufuta, nimechoma mkaa, nimeuza mitumba minadani. Kila nilipokuwa nilipiga simu nyumbani Kwaluguru, na ingawa nyaya ziliondolewa zamani, maneno ya baba niliyaamini.

Uzeeni aliniomba jambo moja: azikwe Kang'ata, ubavuni mwa mama yake. Nilimwahidi, kaka akisikia.

Asubuhi moja nikiwa Kilole nilimpigia kaka.

"Shikamoo kaka. Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba. Hajambo, anakunywa uji."

"Nipe nimsalimie."

"Mwache amalize. Wewe njoo Ijumaa, uje na sukari."

Ijumaa nikafika na sukari yangu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi, udongo wake umeanza kukauka. Saa ile ya uji kwenye simu, kumbe walikuwa wanamwosha maiti.

Uani alikaa mtani wetu, Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye mashamba ya mkonge. Mtani hakatazwi neno msibani.

"Karibu, Mzigua," akasema. "Umemletea mzee sukari? Uji kashamaliza."

Wengine wote walitazama chini. Ndipo nikajua kwamba walijua nilivyodanganywa.

Kaka alinivuta kando.

"Ungetaka tumpeleke Kang'ata," akasema. "Na shamba hili lina watu wanalimezea mate. Penye kaburi la baba yako, nani atakung'oa?"

"Ungeniambia tu."

"Ningekwambia, ungekuja."

Maiti akishazikwa hafukuliwi kwa sababu ya ahadi ya mtu. Sukari nilimwachia mama, nikampa mkono, nikaondoka kabla ya chakula.

Nilikwenda Kang'ata. Njiani simu iliita, nikaona ni kaka, nikaiacha iite mpaka ikachoka. Ubavuni mwa bibi ile nafasi ilikuwa imeota nyasi ndefu. Niliazima panga kwa jirani, nikazifyeka zote, kama vile tunaleta mtu.