Udi Nilioanika Kando ya Dagaa

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi mtaa wa Mirongo, karibu na ziwa, kwa shangazi yangu, mtengenezaji wa mafuta ya udi. Udi haukamuliwi kama alizeti. Ni mti wa nchi za mbali; ukijeruhiwa hutoa utomvu mweusi wa kutibu kidonda chake, na harufu yote imo humo. Mbao zake husagwa, hulowekwa wiki kadhaa, kisha huchemshwa kwenye sufuria ya shaba iliyozibwa barabara. Mvuke hupita kwenye bomba lililozama katika maji baridi, ukageuka matone, na juu ya maji ya matone hayo huelea mafuta kidogo sana, kama machozi ya mtu mwenye kiburi.

Mwaka ule Zuhura, binti wa shangazi, alikuwa anaolewa. Mjomba wangu alileta zawadi ya mfuko mmoja tu wa udi, na shangazi akasema mwanawe ataolewa akinukia kazi ya mikono ya mama yake. Akausaga, akauloweka kwenye pipa, akavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kumuuguza dada yake. Aliniachia neno moja: nisiliguse pipa.

Siku ya kumi nikalifunua. Lilinuka kama zizi la ng'ombe baada ya mvua. Nikaamini udi umeoza, na harusi imebakiza wiki tatu. Basi nikamwaga maji, nikaubeba udi hadi ufukweni, nikautandaza juani, pale pale jirani yetu Mama Kulwa alipoanika dagaa wake.

"Hiyo ni pumba ya kuku?" akauliza.

"Ni udi, Mama Kulwa. Wa harusi."

"Kama kunukia ndiko huku, basi hata mimi nauza marashi."

Shangazi aliporudi nilimwamkia, nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyouokoa udi wake. Akachota kiganja kimoja, akanusa, akakaa chini taratibu.

"Kuoza ndiyo kazi niliyoupa, mama," akasema. "Maji yanaulegeza mti ili uachie mafuta. Mimi nimeacha udi, wewe umeniletea kitoweo."

Hakunipiga. Aliuloweka upya, tukaanza kuhesabu siku tangu mwanzo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia mchangani. Siku ya harusi udi ulikuwa bado pipani, na Zuhura akaolewa akinukia marashi ya dukani. Nililia kuliko bibi harusi.

Baadaye tuliuchemsha kwa moto mdogo. Kila nilipotaka kuongeza kuni, shangazi aliushika mkono wangu, maana moto mkali huunguza harufu. Tulipata kichupa kimoja, nayo mafuta yake bado yalikuwa na harufu kali. Akakifunika kwa kitambaa chepesi, akakiweka dirishani kipumue, miezi baada ya miezi.

Zuhura alipokuja na mtoto wake wa kwanza, siku ya arobaini, shangazi alimpaka tone moja nyuma ya sikio. Mwanangu, kila aliyekuwamo chumbani alisogea karibu. Ilikuwa harufu ya asali na mti mkavu, na kitu kingine nisichokijulia jina hadi leo. Mama Kulwa alinusa mara mbili.

"Na dagaa wangu je, hawamo?"

"Wamo," akajibu shangazi, "ila wameshatiwa adabu."

Zuhura alicheka hadi mtoto akaamka.

Nakwambia haya kwa sababu nakuona unavyoipima kazi yako kila asubuhi, na kuikatia tamaa jioni. Kabla hujamwaga, muulize anayeijua kazi: huenda harufu mbaya unayoisikia ndiyo kazi yenyewe inaendelea. Na ukishamwaga, loweka tena. Utachelewa harusi, lakini utawahi arobaini.

Mungu akujalie pua ya kutambua, mkono usiokoka moto kwa pupa, na jirani wa kukuchekesha unapokosea.