Dharura Niliyoimudu Vizuri Sana

Niseme kwanza kwamba ndege niliitua vizuri, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Siku hiyo nilimpandisha bibi yangu, mzaa mama, akaione milima ya Uluguru kutoka juu. Ndugu zetu wa Mwembesongo walijaa uwanjani kutuaga. Nilimfunga bibi mkanda, nikafunga mlango wake kwa mkono wangu mwenyewe, tukapaa.

Tulipofika juu ya Mzumbe nikasikia kitu kinagonga, ko, ko, ko. Ndege yangu ina injini moja tu, hivyo mlio kama huo haudharauliwi. Nikapunguza mwendo, na kugonga nako kukapungua. Basi, ni injini.

Bibi akanivuta shati.

"Bibi, kwenye dharura abiria hamsemeshi rubani," nikamwambia kwa sauti ya kazi. Akaniachia shati. Nikatangaza dharura redioni, nikarudi uwanjani, nikatua taratibu kama ninayeweka chini trei ya mayai.

Ndugu walipokuja mbio nikaanza kuwasimulia ushujaa wangu. Fundi wa ndege akaizunguka ndege mara moja, akasimama kwenye mlango wa bibi. Pindo la khanga lilikuwa limebanwa na mlango, linaning'inia nje, na kwenye fundo lake bibi alikuwa amefunga funguo za nyumba. Pale zilipokuwa zikigonga, rangi ya ndege ilikuwa imechubuka.

Wote wakamgeukia bibi.

"Nilitaka kumwambia mume wangu huyu kwamba amenibana khanga," akasema, "lakini abiria hamsemeshi rubani."