Niliwaeleza Kuhusu Mionzi, Wakamwaga Mboga za Mama Baraka

Admin, jina langu lifiche. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nina miaka sabini na mbili, mke wangu alishatangulia, naishi peke yangu Walthamstow. Nyumbani Tanzania nilifundisha fizikia sekondari, na hapa London nilimalizia kazi katika maabara ya shule. Katika kundi letu la Waswahili, lenye Wakenya, Watanzania na Wakongomani, wananiita Mwalimu. Mtu akipata barua ya daktari asiyoielewa, huniletea nimfafanulie. Nasema haya mjue kwamba nilichofanya sikukifanya kwa ujinga.

Mama Baraka ni mjane, mtu wa pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi amekodi kipande cha bustani cha halmashauri, analima mchicha, kunde na majani ya maboga. Binti yake anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika mji mmoja wa baharini, na kila akienda kumwona hurudi na mifuko ya mwani. Huuosha chumvi, akaufukia udongoni uwe mbolea. Hakuna harusi wala msiba wetu uliopita bila mboga zake.

Siku moja mkutanoni niliombwa nieleze jambo dogo, nikachukua nusu saa. Mama Baraka akasema, "Mwalimu huyu ukimwomba chumvi, anaanzia baharini." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilicheka nao, lakini neno lile liliniingia likakaa.

Haukupita muda, zikaja habari za kinu kimoja kikuukuu cha nyuklia, hapa hapa Uingereza, ambacho maji yake machafu yanavuja ardhini. Katibu wetu, Mama Sifa, akaniomba niwaelimishe wenzetu. Nikatuma kundini ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Nilieleza kwamba taka za vinu hivyo huhifadhiwa ndani ya maji, katika mabwawa ya zege, na zege likizeeka hupasuka. Maji yakitoka, baadhi ya vitu vyenye mionzi hung'ang'ania udongo, na vingine husafiri polepole na maji ya chini kwa chini. Kimojawapo hufanana na madini yanayojenga mifupa. Mmea hukinywa ukidhani ni chakula, na mfupa wa mtu hufanya kosa lile lile. Hakina harufu, hakina ladha, hakina rangi. Kila neno lilikuwa kweli.

Mama Sifa akauliza mbele ya wote, "Mwalimu, na ule mwani wa Mama Baraka je?"

Ramani ya nchi hii naijua. Kinu kile kiko pwani nyingine kabisa, mbali mno na mji wa binti yake. Sentensi moja ingetosha. Badala yake niliandika, "Mimi sijaupima. Kila mtu aangalie anachokula."

Wiki mbili baadaye tulikuwa matangani, Kilburn. Mama Baraka alileta sufuria ya mchicha wa nazi. Watu wakapanga foleni, wakapakua wali, nyama na maharage, wakairuka sufuria yake. Alisimama na upawa mkononi mpaka foleni ikaisha. Mwanamume mmoja akamtania, "Mama, tukila hizo hatutahitaji umeme, tutawaka wenyewe." Kisha Mama Sifa akavaa glavu za kuoshea vyombo, akaimwaga mboga yote kwenye mfuko wa taka, Mama Baraka mwenyewe anatazama.

"Usinichukie, dada," akamwambia. "Mwalimu ametufundisha."

Mama Baraka akanigeukia. Nilikuwa natafuna. Niliendelea kutafuna.

Tangu hapo mkwe wake hamletei wajukuu, na chai yake haionjwi na mtu. Siku moja akaja kwangu na kopo la plastiki lenye udongo, na fungu la mchicha juu yake. Akaniomba nimpimie. Nilimwahidi kwamba nitampelekea mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi kwenye maabara ya mionzi. Nilidhani ameshamaliza, lakini hakuinuka.

"Mzee wangu alikula mboga hizi miaka tisa," akasema. "Mlo bila mchicha hakuuita mlo. Ile saratani ya ini, Mwalimu, ni mimi niliyemlisha?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia tusubiri vipimo.

Vipimo vilikuja. Udongo wote duniani una mionzi kidogo ya asili, na wa Mama Baraka una hiyo hiyo tu. Mchicha ni salama. Karatasi ina wiki ya sita sasa ndani ya droo yangu. Kila Ijumaa Mama Baraka hupiga simu na kuuliza, "Bado?" Nami hujibu, "Bado." Majuzi aliniambia amerudisha ufunguo wa bustani kwa halmashauri, na kwamba alikwenda kaburini kumwomba mumewe msamaha. Kwa kuwa hamnijui, nitasema lililo baya zaidi: kuna pembe ya moyo wangu iliyofurahi kwamba mwanamke aliyenicheka sasa anasubiri neno kutoka kinywani mwangu.

Furaha hiyo imekwisha. Silali. Nikimpa karatasi, tarehe imeandikwa juu, na kusoma anajua. Atafahamu kwamba nilimwacha wiki zote hizo akijiona muuaji. Nikienda kundini, itanibidi niseme kwamba nilijua tangu siku ya swali la kwanza. Watu hao ndio watakaonizika, sina mtoto.

Nimemwambia aje Jumamosi. Nawaomba ushauri, hasa nyinyi akina mama mliowauguza waume zenu mpaka mwisho. Ingekuwa ni wewe Mama Baraka, umekaa sebuleni kwangu unangoja, ungetaka nikupe karatasi na tarehe yake na ubaya wangu wote? Au ungetaka nikwambie tu kwamba si wewe uliyemuua, nikuache uende zako?