Benchi la Nyuma ya Mwalimu Arlene

Sisi watu wa Dunlevy, Nebraska, hatugombani. Tukimkasirikia mtu hatumtukani wala hatumfungii mlango. Tunamwacha arudi nyumbani na bakuli lake likiwa limejaa.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, kila nyumba huleta chakula kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na chini ya bakuli hubandikwa utepe wenye jina la mwenyewe ili chombo kisipotee. Masika yale, Mwalimu Arlene Vosburgh alileta tambi zake za kuoka na samaki wa kopo, kama alivyoleta miaka yote. Foleni ikapita. Watu wakachota viazi vya jirani kulia, wakachota maharage ya jirani kushoto, kijiko cha Arlene kikabaki kisafi. Mimi nilichota. Nikarudia mara ya pili kwa hasira tu, na niseme kweli, tambi zile zilikuwa na chumvi isiyo na adabu. Lakini mtu mmoja hawezi kumaliza bakuli la watu ishirini. Arlene alilifunika, akasema "haya, tutaonana," akatoka. Nilikuwa mpishi wa shule ya sekondari na nyumba yetu ilitazamana na yake, kwa hiyo najua kwamba alikula tambi zile wiki nzima, amesimama kwenye sinki, redio ikisema peke yake.

Alikuja kwetu akiwa bi harusi wa Roy, fundi matrekta. Roy alikufa, watoto hawakupata, na baada ya miaka thelathini ya kutufundishia watoto bado tulimwita "yule mama wa Ohio." Hata kanisani alikaa pale alipopata nafasi siku ya kwanza: benchi la pili kutoka mwisho, pembeni. Kwetu benchi ni kama jino, likishaota mahali limeota. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila ukikaa kwenye la mwenzio utatazamwa mpaka ujue.

Alifundisha historia ya Marekani, na alikuwa na namna yake. Viti vyote aliviweka duara. Tuseme leo ni reli iliyovuka nchi. Hakutaka kusikia ya mwenye kampuni tu. Mwanafunzi mmoja alikuwa Mchina aliyepasua mlima kwa baruti, mwingine mama wa Kicheyenne, mwenyeji wa nyika hizi, aliyeona nyati wakiisha, mwingine mkulima wa Kijerumani aliyeuziwa ardhi kwa picha ya uongo, mwingine mwanamke Mweusi aliyefulia kambi nzima. Kila mmoja alisoma wiki mbili kabla ya kufungua mdomo, maana Arlene hakupenda porojo. Wakishamaliza kubishana, yeye alizunguka duara na kuuliza swali lake lilelile: "Nani hajasema?"

Mtoto mmoja mtundu aliwahi kujibu, "Mwalimu, punda. Punda ndiye aliyebeba kila kitu na hapa hana hata kiti."

"Sawa," Arlene akasema. "Wiki ijayo wewe ndiye punda. Usome."

Na kweli alisoma, akaja na habari za wanyama wa kazi ambazo hata mimi nilisimuliwa jikoni. Watoto walimpenda. Lakini watoto wa miaka kumi na saba wanamaliza, wanakwenda Denver au Omaha, na hawarudi kukaa na mwalimu wao jioni.

Balaa lilitoka makaburini. Upande wa kaskazini wa makaburi yetu kuna ukanda wa majani usio na jiwe hata moja. Wazee walisema hapana kitu pale. Arlene alisema pana watoto. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, familia za Kimeksiko zililetwa kulima viazisukari, watoto wakipunguza miche wakiwa wamepiga magoti, na wakati wa baridi baadhi walibaki kwenye vibanda vya mbao mashambani. Majira fulani ya baridi homa ya koo iliingia vibandani, ikaua watoto. Kila mwaka, Siku ya Makaburi mwishoni mwa Mei, sisi sote tunapopeleka maua kwa watu wetu, yeye aliwapeleka wanafunzi wake kwenye ukanda ule, mchana baada ya gwaride, wakasimama kimya. Mara nyingi walikuta pale mkebe wa kahawa uliovishwa karatasi ya foili, una maua ya piyoni meupe. Arlene aliamini ni wa familia mojawapo ya Kimeksiko waliobaki mjini. Aliwauliza wote. Wote walikana.

Shamba lenye vibanda vile sasa lilikuwa la akina Haffner, walilirithi upande wa mama, na Dwight Haffner ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule. Mwaka ule mjukuu wake alirudi nyumbani akauliza mezani, "Babu, ni kweli babu yako aliwaacha watoto wafe?" Dwight si mtu mbaya. Nimemwona akimvuta ng'ombe wa jirani kutoka kwenye barafu akiwa na pajama. Lakini swali lile lilimchoma, akalipeleka kwenye bodi.

"Arlene," alisema mbele ya watu, "nipe jina. Jina moja tu la mtoto aliyelala pale."

"Sina bado."

"Miaka thelathini huna? Basi unafundisha watoto wetu hadithi za kwenye pombe."

"Mimi sinywi, Dwight. Wewe unajua."

Watu wachache walicheka, ila kura haikucheka. Aliambiwa alete jina moja kabla ya kikao cha mwisho cha mwaka, la sivyo somo lake la duara lifutwe, watoto warudi kwenye kitabu na maswali ya kuchagua, na mpaka jina lipatikane asimpeleke mwanafunzi yeyote makaburini.

Basi akaanza kutafuta kwa kiwewe. Aliendesha gari hadi mji mkuu wa jimbo kupekua nyaraka. Alipiga simu parokia za Kikatoliki za kaunti tatu. Aliandikia watu huko Zacatecas, Meksiko. Aliuliza kwenye kiwanda cha sukari, aliuliza mwenye duka la majeneza, aliuliza hata kinyozi. Huku barabarani watu wakaacha kumwinulia kidole. Kwetu mkipishana na gari, unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hata kwa mtu usiyemjua, hata kwa mtu unayemdai. Arlene aliendelea kuinua chake. Niliketi naye garini siku moja nikaona kidole kile kikipanda na kushuka bila jibu, nikataka kulia kwa uchungu, kisha nikataka kumpiga mtu.

Ikafika Siku ya Makaburi, Jumatatu. Hakuwa na jina wala hakuwa na wanafunzi, na hakutaka kutazamwa. Akaenda asubuhi na mapema, kabla watu hawajaamka kukaanga mayai. Yaliyotokea huko alinieleza mwenyewe, jikoni kwangu, kikombe cha kahawa kikipoa mikononi mwake.

Gari la kwanza aliloliona langoni lilikuwa Buick ya kahawia, imeegeshwa nusu barabarani nusu kwenye maua ya watu. Mji mzima unaijua. Ni ya Wilma Haffner, mama yake Dwight, aliyekuwa na miaka tisini na kitu na leseni ambayo hakuna aliyethubutu kumwomba. Alipoendesha, sisi tulipanda ukingoni.

Bibi Wilma alikuwa amepiga magoti kwenye ukanda wa kaskazini, akishindilia mkebe wa kahawa kwenye udongo. Piyoni nyeupe, nene kama kabichi.

Arlene alisimama nyuma yake mpaka bibi akasema, "Kama umekuja kunitazama, tazama. Kama umekuja kusaidia, nishike kwapa. Magoti yangu yamekataa kurudi."

Akamwinua.

"Bibi Wilma, haya maua ni yako? Miaka yote?"

"Ya nani tena? Nani mwingine ana piyoni nyeupe mji huu?"

"Nani amelala hapa?"

"Chelo," bibi akasema, upesi, kama mtu aliyekuwa ameliweka jina lile ulimini. "Consuelo Ybarra. Alikuwa na miaka saba, mimi nane. Alikuja mlango wa nyuma kuchukua maziwa. Tulimfundisha kuku kukaa kwenye mkokoteni." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Alipougua, mama yake alikuja kuomba daktari. Baba alisema daktari hatakuja kwa watu wale, akafunga mlango. Chelo alipokufa, baba yangu huyohuyo ndiye aliyechimba hapa. Ardhi ilikuwa jiwe kwa barafu, akawasha moto kwanza iyeyuke. Alirudi nyumbani uso mweusi kwa moshi, akaketi jikoni, hakuvua hata koti. Alituambia tusiseme kamwe. Ukiyafundisha haya, fundisha yote mawili. Mlango na moto. Vyote ni vya baba yangu."

Arlene alikuwa analia sasa. "Kwa nini hukuniambia? Nimeuliza mji mzima!"

"Mji mzima, ndiyo. Mimi hukuniuliza."

"Nilidhani… wewe ni Haffner."

"Basi ndiyo hivyo." Bibi Wilma alijipangusa udongo. Mume wake alikuwa mpokea wageni kanisani, kwa hiyo benchi lao lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na mlango, na tangu mumewe afe alilikalia peke yake. Dwight na wanawe hukaa mbele. "Miaka thelathini natazama kisogo chako, mwanangu. Kila mvi yako naijua ilitoka lini. Nilijisemea, siku atakayogeuka nitamwambia. Hujageuka hata mara moja."

Arlene alimuuliza kama kuna wengine.

"Wapo. Wanne, nadhani watano, kuna na kichanga. Majina yao ninayo. Lakini nimechoka, na njaa inaniuma, na Dwight akijua nimeendesha gari atapiga kelele. Jumapili njoo ukae na mimi kwenye benchi langu. Nitakwambia wote, mmoja mmoja."

Jumatano bodi ilikaa. Arlene alisimama akasema, "Consuelo Ybarra. Alikuwa na miaka saba."

"Nani kakwambia?" Dwight akauliza.

"Kamuulize mama yako."

Dwight akatazama makaratasi yake, akasema ajenda inayofuata ni paa la ukumbi wa mazoezi. Wakajadili paa kwa saa nzima. Hakuna aliyegusa tena suala la somo, na kwetu hiyo ndiyo namna ya kusema limebaki.

Alhamisi na Ijumaa Arlene alikuwa mtu mwingine. Alikata nywele. Alinunua kalamu mpya, akaja kuniuliza kama bibi wa umri ule anaweza kula keki ya limau. Nikamwambia Wilma Haffner anaweza kula msumari.

Jumamosi asubuhi walimkuta Bibi Wilma amefariki kitandani mwake.

Sina la kupamba hapo. Arlene alipopata habari alikaa kwenye ngazi za nyumba yake mchana kutwa, keki iko ndani. Nilivuka barabara nikakaa naye. Alisema kitu kimoja tu: "Ningeweza kwenda Jumanne. Hakuna kilichonizuia Jumanne."

Baada ya mazishi tulishuka ukumbi wa chini kula, mikate ya nyama ya nguruwe na ile jeli ya kijani isiyoliwa na mtu. Arlene alileta tambi zake, akaziweka mwisho wa meza. Foleni ikaanza. Wa kwanza ni wafiwa. Dwight alipita viazi, alipita maharage, akafika kwenye tambi, akachota kijiko kikubwa. Akachota kingine. Wote waliomfuata wakachota, mpaka nikasikia kijiko kikikwaruza chini.

Alikuja na sahani yake akasimama karibu nasi, macho kwenye chakula.

"Mama aliniambia," alisema. "Jumatano usiku. Yule msichana, na mlango, na moto."

Arlene akaweka kikombe chini. "Na wengine? Alikutajia wengine?"

"Alitaka kuanza. Nikamwambia, mama, umechoka, tutaongea wikiendi." Alitafuna muda mrefu. "Chumvi imezidi, Arlene."

"Najua."

"Sawa," akasema, akala mpaka akamaliza.

Jiwe liliwekwa msimu wa majani kuanguka. Dwight alililipia na hakutaka kutajwa, kwa hiyo mji mzima unajua. Lina jina moja. Chini yake pameachwa nafasi tupu, na mchonga mawe alipouliza pana nini hapo, Arlene alimwambia paache. Anaendelea kufundisha kwa viti vya duara, na kuhusu viazisukari sasa kuna kiti cha mtu aliyefunga mlango na kuwasha moto. Watoto hukigombania, maana ni kigumu.

Kanisani yuko palepale, benchi la pili kutoka mwisho, pembeni. Kila Jumapili, kabla ya kuketi, hugeuka kwanza na kutazama nyuma. Kwetu benchi la marehemu halikaliwi upesi, kwa hiyo bado hakuna mtu.